Kuku wa Uani na Jirani wa Ukutani

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu mstaafu na ninaishi Tabata, Dar es Salaam. Nina kuku 60 wa mayai pamoja na majogoo wawili wa kienyeji niliopewa zawadi, na wote wanakaa katika banda lililo nyuma ya nyumba, hatua tatu kutoka kwenye ukuta wa jirani. Mayai hayo ndiyo yanayonilipia umeme na ada ya mjukuu. Wiki iliyopita nililetewa barua kutoka ofisi ya mtaa inayonitaka niwaondoe kuku wote ndani ya siku 14, kwa maelezo kwamba jirani amelalamika na kwamba ufugaji umepigwa marufuku mjini. Je, ni kweli kwamba sheria inakataza kufuga kuku mjini? Na kama si kweli, nifanye nini?

JIBU: Shikamoo Mwalimu, na pole sana kwa barua hiyo. Nianze na neno “marufuku”, kwa sababu ndilo linalowatisha watu wengi hadi wakauza kuku kwa bei ya kutupa kabla hawajauliza swali hata moja. Sheria za nchi hazimkatazi mtu kufuga kuku kwa sababu tu anaishi mjini. Zinachofanya ni kuipa halmashauri mamlaka ya kupanga ufugaji huo ufanyike vipi. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) ya mwaka 1982, Sura ya 288, inaziruhusu halmashauri za miji, manispaa na majiji kutunga sheria ndogo, na ni ndani ya sheria ndogo hizo ambamo mfugaji hukuta masuala ya idadi ya mifugo, kibali, mahali pa banda na faini. Sheria ndogo nayo haianzi kufanya kazi siku madiwani walipoipitisha, bali ni mpaka waziri mwenye dhamana aiidhinishe na itangazwe katika Gazeti la Serikali.

Kwa hiyo swali lako la kwanza katika ofisi ya mtaa ni hili: barua hii imesimama juu ya sheria ndogo ipi, ya mwaka gani, yenye tangazo la Serikali namba ngapi, na kifungu gani? Liulize kwa upole, tena kwa maandishi. Andika barua fupi yenye nakala mbili, moja waipokee na nyingine waigonge muhuri wa kupokelewa ubaki nayo. Nakala nyingine mpelekee afisa mtendaji wa kata. Mwenyekiti wa mtaa ana kazi nzito ya kusuluhisha majirani na anastahili heshima kwa hilo, lakini yeye hatungi sheria, na amri yoyote inayotoka ofisini kwake inapaswa kuwa na kifungu kinachoibeba. Usiache siku 14 zipite ukiwa kimya, maana ukimya wako utasomeka kuwa umekaidi, na jambo ambalo lingemalizika kwenye benchi la ofisi ya kata likajikuta mahakamani.

Angalia pia kama wanakusomea sheria ya halmashauri yako. Tabata iko chini ya Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam, ile iliyokuwa Manispaa ya Ilala hadi mwaka 2021. Mfugaji wa Kimara yuko Ubungo, wa Mbagala yuko Temeke, wa Kunduchi yuko Kinondoni, na ng’ambo ya Magogoni kuna Kigamboni yenye halmashauri yake. Halmashauri tano zinaweza kuwa na sheria ndogo tano zenye masharti tofauti, hivyo anayekwambia kwamba “Dar es Salaam hairuhusiwi” hajakupa jibu linalotosha.

Hapo nimekutetea, Mwalimu. Sasa niruhusu nimtetee jirani yako, kwa sababu naye ana sheria upande wake, na pengine ana nguvu kuliko unavyodhani. Hata kama hakuna kifungu kinachotaja idadi ya kuku, ipo Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009, ambayo inawapa maafisa afya uwezo wa kuchukua hatua dhidi ya kero katika makazi ya watu, na harufu, nzi na uchafu unaohatarisha afya vimo ndani ya kero hizo. Afisa afya akija na kukuta funza chini ya banda, hatakuuliza una kuku wangapi. Anaweza kukupa notisi kwa kuku watano, na anaweza kuondoka bila neno kwenye banda la kuku mia moja lililo kavu na safi. Kwa maoni yangu hilo ndilo kosa kubwa la wafugaji wengi wa mjini: wanabishana juu ya haki ya kufuga, ilhali malalamiko ya jirani ni ya pua na usingizi.

Nilipokuwa nikifanya kazi ya ugani niliwahi kuitwa kusuluhisha ugomvi wa aina hii. Mwenye kuku aliapa kwamba anafagia banda kila siku, na alikuwa mkweli, kwani sakafu ilionekana safi. Nilichuchumaa karibu na chombo cha maji nikachota konzi ya maranda na kuikamua. Ilishikamana kama tonge la ugali, na nilipoileta karibu na uso macho yalichoma. Hatua mbili pembeni nilichota konzi nyingine, nayo ikamwagika kati ya vidole, kavu kabisa. Harufu yote ya mtaa ule ilitoka kwenye duara la unyevu lisilozidi upana wa beseni, kwa sababu chombo kilikuwa na ufa na kilidondosha maji usiku kucha. Tulibadilisha chombo, tukatoa maranda yaliyolowa, tukamwaga mapya, na ndani ya siku chache jirani mwenyewe alikuja kuuliza kuku wamehamishiwa wapi. Kinyesi kikavu hakinuki sana. Kikilowa ndipo hutoa ile hewa kali ya amonia inayochoma macho, inayowaumiza kuku wenyewe vifua na kumsumbua vibaya zaidi mtu mwenye pumu aliye upande wa pili wa ukuta.

Fanya hesabu ya banda lako. Kuku mmoja wa mayai hutoa kinyesi kibichi cha takribani gramu 100 au zaidi kwa siku, hivyo kuku wako 60 huacha zaidi ya kilo sita kila kukicha. Katika joto la Dar es Salaam, yai la nzi huweza kuwa nzi anayeruka ndani ya wiki moja au siku kumi, na hii ndiyo sababu kinyesi kinachokusanyika hakipaswi kulala uani zaidi ya wiki. Kitie kwenye viroba, ufunge midomo, na uwauzie au uwagawie wenye bustani. Wapo wengi wanaokihitaji. Usikirundike kando ya ukuta hata kwa siku mbili. Nafasi ya ndani inayoshauriwa kwa kuku wa mayai wanaolala juu ya maranda ni kuku watano au sita kwa mita moja ya mraba, kwa hiyo banda lako linahitaji mita za mraba zisizopungua kumi. Kama ni dogo kuliko hapo, punguza kuku au ongeza banda kuelekea upande wa nyumba yako, usielekee kwa jirani. Na kama unaweza kulihamisha lisogee mbali na ukuta ule, gharama ya mabati na mbao itakuwa ndogo kuliko gharama ya kesi.

Majogoo sasa. Mwalimu, hao wawili huwahitaji. Kuku hutaga bila jogoo, na jogoo anahitajika tu ukitaka mayai ya kutotolesha. Wapo wanaojaribu kuwafunika kwa giza ili wasiwike alfajiri, lakini jogoo hawiki kwa sababu ameona mwanga tu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Nagoya nchini Japani walionesha mwaka 2013 kwamba saa ya kuwika imo ndani ya mwili wake, na ataanza kabla ya mapambazuko hata ukimweka kwenye mwanga hafifu usiobadilika. Wapeleke shamba kwa ndugu, au wachinje katika sikukuu ijayo. Ninaamini nusu ya malalamiko ya jirani yako itaondoka pamoja nao.

Mwite afisa mifugo wa kata aje alione banda kabla afisa afya hajaja, na uwe na daftari la kumbukumbu lenye tarehe ulizochanja mdondo, ambao wengine huuita kideri. Chanjo ya matone ya jicho inayostahimili joto, ambayo hutengenezwa hapa nchini, hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Daftari hilo lina uzito mkubwa mbele ya ofisi yoyote, kwa sababu linaonesha mfugaji anayejua anachokifanya. Kisha, ukishamaliza kurekebisha, nenda kwa jirani yako ukamkaribishe aje alione banda kwa macho yake. Kama bado hamwelewani, baraza la kata lipo kwa ajili ya usuluhishi.

Neno moja la tahadhari: hati ya kiwanja chako inataja matumizi ya makazi. Kuku 60 wa kumsaidia mstaafu ni sehemu ya maisha ya nyumbani. Ukivutiwa na soko ukafikisha 600, halmashauri itakuwa na haki ya kukuuliza kama nyumba imegeuka kuwa mradi wa biashara, na Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 inataka kibali pale matumizi ya ardhi yanapobadilika. Ukifika huko, tafuta eneo nje ya mji.

SWALI: Mhariri, hujambo? Ninaishi Umoja, Nairobi, orofa ya nne katika ploti ya kupangisha. Ninataka kuwaweka kuku wanne kwenye roshani ili watoto wapate mayai. Mwenye nyumba hajasema lolote, lakini keteka, yaani msimamizi wa jengo, ananiambia kwamba kanjo, askari wa kaunti, watanishika. Nani mwenye kauli?

JIBU: Sijambo, ndugu yangu. Kauli ziko tatu, na ya kwanza ni ya sheria ya kaunti, si ya kanjo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, iliweka kilimo, ufugaji, udhibiti wa wanyama na udhibiti wa kero za umma mikononi mwa kaunti, na Nairobi ilitunga mwaka 2015 sheria yake ya kukuza na kudhibiti kilimo cha mjini. Jina lenyewe la sheria hiyo linaonesha kwamba kaunti imekubali kilimo na ufugaji ndani ya jiji, ila kwa utaratibu. Kwa hiyo pita katika ofisi ya kilimo na mifugo ya wadi yako uelezwe utaratibu huo kabla hujanunua kuku.

Kauli ya pili ni ya mkataba wako wa upangaji. Soma karatasi uliyotia sahihi siku ulipolipa diposti. Ikisema hakuna mifugo, basi hakuna mifugo, hata kama kaunti imeruhusu, na ukimya wa mwenye nyumba haukuongezei haki. Ikiwa haikusema kitu, mwombe ruhusa kwa maandishi, kwa sababu ruhusa ya mdomo husahaulika siku mpangaji wa orofa ya tatu atakapopiga simu.

Na atapiga. Kauli ya tatu, iliyo nzito kuliko zote, ni Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, ambayo katika kifungu cha 118 inahesabu kuwa kero jengo lolote linalofugiwa wanyama au ndege iwapo limejengwa, limewekwa au linatunzwa kwa namna inayochukiza au inayodhuru afya. Kifungu cha 119 kinaruhusu mhusika apewe notisi ya kuiondoa kero hiyo. Fikiria roshani za Umoja zilivyopangana: maji utakayooshea kizimba yatateremka kwenye nguo zilizoanikwa chini yako, na vumbi la manyoya litaingia madirishani kwa watu ambao hawana faida yoyote na mayai yako. Kwa hali hiyo ninakushauri usifuge kwenye roshani. Kama paa la ploti ni tambarare na mwenye nyumba pamoja na wapangaji wenzako wameridhia, kizimba chenye trei ya kinyesi inayotolewa kila siku kinaweza kukaa huko, mbali na matangi ya maji.

Wapo watakaokwambia ufuge kware kwa kuwa ni wadogo na hawana kelele. Kumbuka mwaka 2013 na 2014, kware walipovuma Kenya nzima: wengi walinunua kwanza, kisha ndipo wakagundua kwamba ndege huyo alihitaji leseni ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori. Uliza kabla ya kununua.

SWALI: Kuku wa jirani yangu hapa Tanga huingia bustanini kwangu kila asubuhi na kumaliza mchicha. Nimemwambia mara nne. Je, nikitega sumu ndani ya uzio wangu mwenyewe, nina kosa?

JIBU: Una kosa, tena kubwa. Ninakusihi usifanye hivyo. Kanuni ya Adhabu inamhesabu kuwa mkosaji mtu anayemuua kwa makusudi mnyama wa mwenzake bila uhalali, na kuwa ndani ya uzio wako hakukupi uhalali huo. Zaidi ya kosa, kuku aliyekula sumu anaweza kuokotwa na mtu akapikwa na kuliwa na watoto, au akaliwa na paka na mbwa wa mtaa.

Aliyekosea mwanzo ni jirani yako, na hilo lisemwe wazi: mwenye mifugo ndiye mwenye wajibu wa kuizuia isiharibu mali ya wengine. Piga picha za matuta yaliyoharibiwa zikiwa na tarehe, muite mjumbe wa eneo lenu au mwenyekiti wa mtaa ashuhudie, kisha mwandikie jirani barua ya kudai fidia ya mchicha kwa bei ya sokoni. Watu wengi hufunga kuku wao wiki ileile wanapoona hasara imeandikwa kwa shilingi. Akikataa, peleka shauri baraza la kata. Wakati huo zungushia matuta wavu wa kimo cha mita moja na nusu hivi, na mkate kuku bawa moja ikiwa mwenyewe atakubali. Yakikatwa manyoya marefu ya bawa la upande mmoja, kuku hana uwiano wa kuruka, wala haumii.

SWALI: Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, sasa ninaishi Leicester, Uingereza, katika nyumba ya kupanga yenye ua mdogo. Mkataba unakataza kuku. Mwenzangu wa msikitini ananiambia kwamba kuna sheria ya zamani inayoniruhusu. Ni kweli?

JIBU: Mwenzako anajua anachokisema, na ni wachache wanaokijua. Kwa Uingereza na Wales, kifungu cha 12 cha Sheria ya Bustani za Kukodi ya mwaka 1950 kinamruhusu mkaazi wa ardhi yoyote kufuga kuku au sungura kwa matumizi yake, si kwa biashara, hata kama mkataba wa upangaji unasema vinginevyo. Sheria hiyo ilitungwa wakati nchi ile ilikuwa bado ina mgao wa chakula baada ya vita, na haijafutwa. Lakini ina mipaka miwili: ruhusa inakoma pale ufugaji unapodhuru afya au unapokuwa kero, na maneno yake yanataja mitetea, hayataji majogoo. Jogoo katika ua wa Leicester atakuletea notisi ya halmashauri kwa sheria ya mazingira ya mwaka 1990, nawe hutakuwa na pa kujitetea.

Hata hivyo, usiitumie sheria hiyo kama fimbo. Mweleze mwenye nyumba kwanza, maana utaendelea kuishi katika nyumba yake.

Yapo pia mambo mawili ambayo waliotoka kwetu huyakosea huko bila kujua. La kwanza ni usajili: tangu tarehe 1 Oktoba 2024, kila anayefuga kuku nchini Uingereza na Wales, hata kama ni mmoja tu, lazima amsajili kwa mamlaka ya afya ya wanyama ndani ya mwezi mmoja, ili mafua ya ndege yakilipuka apate taarifa na amri ya kuwafungia ndani. Zamani ulikuwa wajibu wa wenye ndege 50 na zaidi. La pili ni makombo. Sisi tumezoea kumwagia kuku wali uliobaki na maganda ya jikoni, lakini huko ni kosa kuwalisha chochote kilichopitia jiko la nyumbani, hata maganda ya karoti, isipokuwa katika nyumba ambayo haiingizi kabisa nyama, samaki, maziwa wala mayai. Wape chakula cha dukani na majani unayoyachuma moja kwa moja kutoka bustanini bila kuyaingiza jikoni.